Mwezi Kwanza, Lenzi Baadaye: Kupiga Picha Ndege Wahamiaji wa Mida

Kila ninapoonyesha watu picha zangu za ndege wa Mida, swali huwa moja: hiyo ni lenzi gani? Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza siku ile mwezi ulikuwa na umri wa siku ngapi, na jibu la picha liko huko. Lenzi yangu ni ya milimita 400, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, na raba yake ya kushikia imeanza kulegea. Wapo wenye lenzi kubwa kuliko mkono wangu wanaorudi Mombasa na vidoa vyeusi juu ya tope.

Wasioijua Mida niwaeleze kidogo. Ni hori ya bahari iliyoingia bara kusini ya Watamu, kaunti ya Kilifi, na watu wengi huiita kwa jina lake la ramani, Mida Creek. Upande mmoja kuna Watamu na hoteli zake. Upande wa pili, ukivuka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Hori ina mlango mmoja mwembamba wa kuingilia baharini na hakuna mto unaomwaga maji humo. Maji matamu hupenya chinichini tu, kutoka ardhini. Kwa hiyo kila kinachotokea juu ya uwanda wa tope kinaamriwa na kupwa na kujaa. Mikoko imezunguka, na kati yake ndipo lilipo daraja la mbao la wanakijiji, lile linaloyumba, ambalo wageni hulipa kiingilio kulipita. Wengi hupiga picha za kujionyesha pale mwisho wa daraja kisha wakarudi. Mbele yao huwa kuna ndege waliotoka Siberia.

Ndege hawa huitwa wa majira ya baridi, lakini baridi yenyewe si yetu. Ni ya huko walikotoka. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kwenda chini huzaliwa kwenye nyika zilizoganda za Aktiki ya Siberia. Yule mwenzake ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu, anayekimbia kwa kuinama kama mtu aliyeangusha sarafu, hutoka kwenye misitu ya kaskazini ya Urusi. Sululu wa kati, yule tunayemsikia akipiga filimbi juu ya vichwa vyetu usiku, naye ni wa huko huko. Wanaotafuta bata nawaambia waende kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Mida ni mahali pa ndege wenye miguu ya kutembelea topeni.

Na yupo mmoja ambaye kwa ajili yake watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja Watamu. Waongozaji wa daraja humwita kwa jina la Kiingereza, crab-plover. Mimi humwita mla-kaa. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu-samawati, mdomo mweusi mnene usiolingana na mwili wake. Huyu hatoki baridini. Huzaa kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, wakati wa joto kali, na hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo analolichimba mchangani. Katika ndege wote wa jamii ya vitwitwi hakuna mwingine mwenye kawaida hiyo. Joto la mchanga humsaidia kuatamia.

Watu wa kwetu husema ndege hawa wanaletwa na upepo wa kaskazi. Ni maneno mazuri lakini hayaendani na kalenda. Wengi wameshafika Agosti na Septemba, kusi bado inavuma usoni mwao. Kaskazi inapoingia mwishoni mwa mwaka inawakuta wamekwisha gawana uwanda.

Nilipoanza nilikuwa nakwenda Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ofisi yetu inafungwa. Nashuka kwenye matatu hapo Mida, nachukua boda hadi ukingoni, nakaa. Kuna Jumamosi zilizonipa ndege mbele ya pua, na kuna Jumamosi walizokaa mbali hata darubini ilishindwa kutofautisha nani ni nani. Sikuona sababu. Jua lile lile, uwanda ule ule, mimi yule yule.

Aliyenifumbua ni mzee mmoja wa Kigiriama anayevua kaa kwa kulabu. Alikuwa anatoka mikokoni na kapu lake, akanikuta nimekaa juu ya gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wangoja nani hapa?"

"Nangoja ndege wasogee."

Akatazama maji, akanitazama mimi. "Leo hawasogei. Haya ni maji mafu, hayana nguvu ya kumtoa ndege pale alipo. Kwani mwezi huuoni?"

Alikaa kwenye mzizi akanieleza, na baadaye nimeihakiki hesabu yake mara nyingi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani ya Kenya tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanayopanda kidogo na kushuka kidogo. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya programu ya simu: bamvua iko karibu na tarehe 1 na 15, na huzidi siku moja mbili baadaye, maji mafu yako karibu na tarehe 8 na 22.

Sasa tazama jambo hili kwa jicho la ndege. Maji yakipwa, uwanda wote uko wazi na chakula kimetapakaa, basi naye hutapakaa. Maji yakianza kujaa, kila dakika inamnyang'anya kipande cha tope. Anarudi nyuma, anarudi tena, hadi wote wanakutana kwenye ukanda mmoja mwembamba karibu na mikoko, vitwitwi, sululu na wala-kaa wamebanana. Ukiwa umekaa mbele ya ukanda ule tangu ulipokuwa mpana, maji ndiyo yanayokuletea ndege, wewe huna hatua ya kupiga. Siku za maji mafu ukanda hauwi mwembamba kamwe. Ndege anayo nafasi tele kule katikati. Aje kwako kutafuta nini?

Lakini bamvua yenyewe nayo ina kasoro, na hili mzee hakunieleza kwa sababu yeye hapigi picha. Siku ya bamvua, maji ya pwani yetu hujaa karibu saa kumi alasiri na kupwa karibu saa nne asubuhi. Maana yake ndege wanasukumwa karibu saa nane hivi, saa tisa, jua likiwa bado kali, na tope linapumua mvuke. Kwenye lenzi ndefu unaona mazigazi: ndege anatetemeka, ukingo wa mdomo umeyeyuka, kamera inahangaika kutafuta pa kushika. Hakuna pesa inayotibu mazigazi. Lenzi kubwa zaidi huyakuza tu.

Kila siku inayofuata maji huchelewa, dakika arobaini, hamsini, wakati mwingine saa nzima. Na ndani ya hori huchelewa zaidi ya mlangoni, kwa kuwa maji yote hayo yanapita kwenye njia nyembamba. Ukijumlisha, siku ninazozitaka ni zile za baada tu ya bamvua, tarehe 3 na 4, au 17 na 18 za mwezi mwandamo. Maji bado yana nguvu ya kuwasukuma, na wanafika karibu yangu kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Ufuko wenye daraja uko upande wa magharibi wa hori, kwa hiyo jua la jioni liko mgongoni kwangu na linawaangaza wao usoni. Asubuhi mambo hugeuka. Unapiga picha za vivuli. Vivuli navyo vina uzuri wake, ila si vya kumtambulisha ndege.

Kwa hiyo siku hizi likizo zangu naziomba kwa mwezi wa angani. Mkuu wangu wa kazi anadhani nina mambo ya ibada.

Kukaa kwenyewe nako ni kazi. Juu ya daraja unaona mbali, lakini picha inayopigwa kutoka juu humfanya ndege aonekane kama kitu kilichobandikwa kwenye tope. Ukishuka chini, lenzi ikiwa sawa na kifua chake, tope lote la nyuma linakuwa ukungu laini na ndege anasimama peke yake. Mimi hushuka maji yakiwa bado mbali, nikakaa kwenye kivuli cha mchu, juu ya gunia, leso ya rangi ya udongo imenifunika mimi na kamera. Malapa usiyavae, tope litayachukua na hutayaona tena. Raba kuukuu za kufunga kamba zinatosha. Na kabla ya kushuka, mwambie mmoja wa waongozaji ni wapi utakaa na utatoka kwa njia gani, maana maji yanayokuletea ndege yanakuja pia kwa ajili yako, na mifereji ya nyuma hujaa kabla ya uwanda wa mbele. Hilo si la kufanyia ushujaa.

Kipo kipimo cha utulivu ambacho sikukisoma popote. Ukiketi, kaa wadogo wenye gando moja kubwa hukimbilia mashimoni wote. Usipotikisika, baada ya muda gando la kwanza linachungulia, halafu la pili, hadi uwanja mzima mbele ya miguu yako unapungiana magando tena. Kabla ya hapo hakuna ndege atakayekuamini. Baada ya hapo niliwahi kupitiwa na kitwitwi karibu hata lenzi ikakataa kumwona, na nikabaki kumtazama kwa macho tu.

Kuhusu mwanga wa kamera nitasema machache, kwa kuwa kila mtu ana mashine yake. Tope lililolowa hung'aa, na kamera ikiachiwa iamue yenyewe hudanganyika. Mla-kaa ni shida mara mbili, mwili mweupe kabisa na mgongo mweusi. Mimi huweka kila kitu kwa mkono, napima kwenye weupe wake hadi manyoya yaonekane bila kuungua, na weusi nauacha ujitegemee. Anapotembea, kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde inatosha. Anaporuka kundi zima likageuka pamoja, napandisha hadi 2,000 na zaidi. Chumvi ndiyo adui mkubwa kuliko giza: kitambaa kilicholowa maji matamu kila jioni, na lenzi sibadilishi upepo ukivuma.

Nirudi kwa mla-kaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifanya niache kuhesabu picha. Hutembea polepole, anasimama, anainamisha kichwa, halafu mbio fupi na mdomo unashuka. Kaa akiwa mkubwa anamng'oa miguu kwanza kwa kumtikisa. Mwaka wa kwanza nilidhani nimepata picha ya ugomvi: ndege mmoja mwenye mgongo wa kijivu anamfuata mwingine, kichwa chini, analia bila kunyamaza, na yule wa mbele anageuka anamrudia kwa mdomo. Nilipoikuza picha nyumbani nikaona kuna mguu wa kaa kati ya midomo miwili. Yule wa kijivu ni mtoto. Mtoto wa ndege huyu hulishwa shimoni alikozaliwa, kisha anaruka bahari na mzazi wake hadi kwetu, na huku ugenini bado anaendelea kulishwa kwa miezi. Kwa vitwitwi wengi, wazazi huondoka kwenye nyanda za kaskazini kabla ya makinda, na makinda huja wenyewe bila kuonyeshwa njia. Nilipolijua hilo nikaacha kutafuta kundi likiruka, ile picha ambayo kila mmoja anayo, nikaanza kutafuta jozi: mweusi mmoja, kijivu mmoja, wakitembea sambamba. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yake mizuri.

Hii inanipeleka kwenye jambo linalonikera. Jioni moja, ndege wamebanana vizuri mbele yetu, mgeni mmoja alitoka kwenye mikoko akawakimbilia, mikono juu, ili rafiki yake apate picha yao wakiruka. Wakaruka kweli. Walizunguka mara mbili, wakakosa pa kutua, wakaenda zao ng'ambo ya hori. Mwongozaji kijana alimwambia kwa upole, "Kaka, hao wanakula hapa ili wasafiri." Yule bwana akacheka.

Kijana alikuwa amesema kila kitu kwa maneno machache. Machi na Aprili ndege hawa wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita. Muda wa kula ni ule tu ambao tope liko wazi, mchana au usiku, na maji hayamngojei. Ukimrusha wakati wa kula umemwibia chakula. Ukimrusha wakati maji yamejaa, anapopumzika kwa mguu mmoja, umemchomea akiba aliyoitafuta tangu asubuhi. Mimi nina kanuni yangu: vichwa vikiinuka vyote pamoja, nakoma kusogea. Vikianza kukimbia kidogo kidogo kwenda upande mmoja, narudi nyuma. Picha ambayo kila ndege ndani yake ananitazama mimi huwa siihifadhi, hata ikiwa kali.

Aprili yenyewe ukiweza usiikose. Wale wale waliokaa nasi miezi yote wakiwa na rangi ya majivu wanavaa nguo za kwao. Kitwitwi wa Siberia anageuka mwekundu wa matofali kuanzia usoni hadi tumboni. Yule mkubwa wa kijivu mwenye doa jeusi kwapani anapata kifua cheusi kilichozungukwa na weupe. Wale wa mchangani wanapata mkanda wa rangi ya machungwa. Kwa wiki chache unapiga picha za ndege wawili tofauti katika kundi moja, aliyekwisha badilika na ambaye bado, halafu jioni fulani unawasikia wanaita tofauti, wanapanda juu kuliko kawaida, na kesho yake uwanda una nafasi.

Picha iliyonifaa kuliko zote, kwa kupimwa na mtu mwingine, ni mbaya. Ndege amekatwa mkia, kuna jani limepita mbele. Lakini mguuni kuna pete, na namba zake zinasomeka. A Rocha Kenya, watu wa shirika la uhifadhi walio hapo Watamu, wamekuwa wakiwavisha pete ndege wa hori hii, na pete ikisomwa tena ni habari kwao. Tangu siku hiyo naangalia miguu kwanza. Na kila ninapotoka Mida naandika orodha yangu kwenye Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, hata kama sikupata picha ya kuonyesha mtu, kwa sababu orodha ya siku tupu nayo ni kumbukumbu. Januari kuna hesabu ya ndege wa majini inayofanyika nchi nyingi kwa wakati mmoja, na kwetu Makumbusho ya Taifa na shirika la Nature Kenya huihusisha jamii ya wapenda ndege. Mwenye kamera anakaribishwa, mradi ajue kuhesabu bila kuwarusha.

Mzee wa kaa nilimpelekea picha zilizosafishwa Malindi. Alizipitia zote kwa heshima, mla-kaa, sululu, kundi la vitwitwi, akaniuliza mbona yeye hayumo. Basi nikampiga, kulabu mkononi. Hiyo ndiyo aliyoitundika.

Sasa ni kusi na wengi mtasema msimu umekwisha. Haujakwisha wote. Ndege wa mwaka wa kwanza wengi hawarudi kaskazini. Hawajafikia umri wa kuzaa, kwa hiyo wanabaki kwetu hadi mwaka ujao, na wala-kaa wachache wa kijivu utawakuta Juni hii hii. Mawingu ya kusi hulainisha jua mchana kutwa na mazigazi hupungua, hivyo hata ile saa nane ya bamvua iliyonishinda Januari inapigika. Tatizo ni mvua, na kwamba mwongozaji wa zamu hatarajii mgeni, itabidi umwamshe.